Maji Hayafuati Ardhi

Mpira uliotoka ulikuwa namba nne. Katibu wa kitivo aliunyanyua kwa vidole viwili, mpira wa mbao mdogo kama tunda la zeituni, akawaonyesha watahiniwa wake wawili, kisha akaurudisha ndani ya tufe la waya pamoja na wenzake.

"Mada ya nne," alisoma kwenye karatasi yake. "Ardhi na maji mabondeni kabla ya sheria kuandikwa. Wote wawili mtafundisha hiyo hiyo. Alhamisi asubuhi, mbele ya jopo, na mlango utakuwa wazi kwa yeyote atakaye kusikiliza. Kuna swali?"

Dokta Cristóbal Arrieta, aliyekuja kwa ndege kutoka mji mkuu na bado alikuwa na skafu ya safari shingoni, hakuwa na swali. Mirna Sotelo naye alitikisa kichwa, ingawa mikono yake ilikuwa imekuwa baridi ghafla kama imetolewa kwenye maji ya kisima.

Alikuwa amefundisha Historia ya Sheria katika chuo kikuu cha Catamarca kwa miaka kumi na tisa, mwalimu wa kukaimu, mkataba ukihuishwa kila Machi. Mada ya nne hakuwahi kuifundisha hata siku moja. Mada ya nne ilikuwa ya mwenye kiti cha uprofesa wa somo hilo, Dokta Hilario Zavalía, ambaye aliifundisha akiwa amevaa tai yake nyekundu, wanafunzi wakikaa hadi kwenye ngazi. Mirna alipewa mada ya kwanza, wakati ambapo wanafunzi huwa bado hawajanunua vitabu, na zile za mwishoni, wakati ambapo huwa wamekwisha kukata tamaa. Mgao huo haukuandikwa mahali popote. Ulikuwapo tu, kama ilivyo katika nyumba nyingi kwamba kuna kiti ambacho mgeni hakalii.

Sasa Zavalía alikuwa anastaafu, na kiti kilikuwa kimetangazwa. Atakayeshinda angekipata kwa maisha yake yote. Atakayeshindwa, ikiwa ni Mirna, angeondoka siku hiyo hiyo, kwa kuwa mwenye kiti mpya huja na watu wake, na anayekaimu hana pa kukaimu tena. Na kama desturi ilivyo, Zavalía mwenyewe alikuwa mmoja wa watahini watatu.

"Mada nzuri," Arrieta alimwambia kwa ukarimu walipokuwa wakitoka. "Wewe uko nyumbani, Dokta. Kwako itakuwa kama kusoma gazeti."

"Labda," alisema Mirna.

*

Alipofika nyumbani mji ulikuwa umelala usingizi wa mchana, madirisha yote yamefungwa, na upepo wa zonda ulikuwa umeanza kumwaga vumbi la milimani juu ya kila kitu. Mumewe, Osvaldo, alikuwa jikoni akimimina maji ya moto kwenye kibuyu cha mate, ile chai chungu ya majani inayonywewa kwa mrija. Mama mkwe wa Mirna, doña Ofelia, alikaa mkabala, uso ameuelekeza dirishani ingawa hakukuwa na alichokiona humo. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika jicho la kulia kabisa, na la kushoto lilikuwa linafuata.

"Ipi?" aliuliza Osvaldo.

"Ya nne."

Osvaldo aliweka birika chini. Yeye alifundisha Kilatini katika kitivo cha fasihi na falsafa, saa chache kwa juma, na mwaka ule alikuwa na wanafunzi wanne, mmoja wao padri. Alijua maana ya mada ya nne.

"Basi ni bahati," alisema baada ya kufikiri. "Somo la mzee unalijua kama sala. Maji hufuata ardhi. Anayemiliki shamba anamiliki maji yake, na hakuna maji yasiyo na shamba. Wewe mwenyewe umemwandalia kwa miaka kumi na tisa. Lifundishe."

"Si kweli, Osvaldo."

"Mke wangu, mimi nafundisha Kilatini. Ukweli hatujauona tangu Kaisari afe. Tunaendelea hivyo hivyo."

Mirna alicheka bila kutaka, akavuta chai kwa mrija, akaunguza ulimi. Osvaldo alijua kilichokuwa kichwani mwake: maboksi ya mahakama ya zamani ya bonde la Belén, ambayo mkewe alikuwa akiyafungua kwenye hifadhi ya nyaraka za jimbo kila likizo, wakati wenzake wakienda mtoni. Wosia za wajane. Alianza kuzisoma kutafuta kitu kingine, akakuta wanawake wakiwaachia binti zao maji. Si shamba, maji peke yake, yaliyopimwa kwa saa za zamu ya mfereji. "Saa tatu za mfereji, zamu ya Jumanne usiku, namwachia binti yangu Rosenda. Shamba namwachia mwanangu Gaspar." Wosia baada ya wosia. Kwa karne nzima watoto wa kiume wa bonde lile walirithi udongo, na dada zao wakarithi saa.

"Nikifundisha la mzee nitakuwa nafundisha uongo mbele ya watu," alisema Mirna.

"Na ukifundisha lako, mzee yuko kwenye jopo, ameketi, anakusikiliza ukimwambia alikosea maisha yake yote." Osvaldo alishusha sauti. "Mirna. Kuna operesheni ya mama."

"Usinitie mimi humo," alisema doña Ofelia.

"Umo, mama. Bima ni ya kazi ya Mirna. Saa zangu mimi hazinunui hata miwani."

"Basi nitakuwa kipofu. Kipofu anapewa kiti kwenye basi." Mwanamke mzee alinyosha mkono kutafuta kibuyu, na Mirna akamwekea mkononi. "Lakini mwanangu, nikuulize. Hao wajane wako wa maboksi walishakufa, sivyo?"

"Zamani, mama."

"Basi wao wanaweza kungoja. Mimi siku zangu zinahesabika."

Hakulisema kwa ubaya. Ndiyo maana lilimchoma.

*

Jumatano asubuhi Mirna alienda maktaba ya kitivo kurudisha kitabu, akawakuta Zavalía na Arrieta wakinywa kahawa kwenye korido, chini ya picha za wenye viti waliotangulia. Alitaka kupita pembeni. Zavalía alimwona.

"Aa, njoo, binti yangu. Cristóbal, huyu ndiye mkono wangu wa kulia. Bila yeye nisingejua hata vitabu vyangu viko wapi."

"Tumeonana jana," alisema Arrieta. Akamgeukia mzee. "Dokta, niliisoma upya ile makala yako ya maji juzi usiku. Ile sehemu ya mifereji ya Belén, uandishi safi sana. Mtu anauona mfereji."

"Unaniaibisha," alisema Zavalía kwa furaha.

Sehemu ile aliiandika Mirna. Aliiandika kwenye meza ya jikoni katika mwaka wake wa pili wa kazi, kabla hajafungua boksi hata moja, na jina lake likawekwa chini ya jina la mwenye kiti, kwa herufi ndogo zaidi, kama ilivyokuwa kwa kila alichokiandika. Alisimama pale na kitabu chake, akatabasamu, na akajichukia kwa kutabasamu.

Arrieta alipoondoka, mzee alimshika kiwiko.

"Nisikilize. Mimi sipendi kupendelea mtu, unanijua. Lakini nisingependa kuona kiti changu kinakwenda kwa wageni. Somo langu la mada ya nne unalo, lote, na mifano yake. Litoe kama lilivyo, usiongeze, usipunguze. Kura yangu unayo."

"Asante, Dokta."

"Na uzungumze kwa sauti. Una sauti ya mtu anayeomba radhi." Akatazama nje, vumbi lilivyokuwa likizunguka uani. "Nisaidie hivi vitabu hadi garini, tafadhali. Mgongo wangu na upepo huu havipatani."

Akambebea. Njia nzima hadi garini alikuwa na sentensi moja mdomoni: maji hayafuati ardhi. Haikutoka. Mzee alipofunga mlango alimpungia mkono kwa upendo, upendo wa kweli kabisa, na gari likaondoka. Afadhali angekuwa mtu mbaya, aliwaza Mirna. Mtu mbaya angemrahisishia kazi.

Usiku ule hakuamsha mtu. Aliandika masomo mawili, la mzee na lake, akayaweka yote mawili kwenye mkoba.

*

Arrieta alitangulia. Mtahiniwa haruhusiwi kumsikiliza mwenzake, kwa hiyo Mirna alingoja kwenye chumba cha walimu, akisikia kupitia ukutani mdundo wa sauti iliyozoea kumbi, na mara moja kicheko cha watu. Kisha makofi. Kisha katibu akaja kumwita.

Ukumbi ulikuwa na watu kuliko alivyotarajia. Wanafunzi wake wa mwaka wa kwanza walijaza safu za kati. Nyuma kabisa alimwona Osvaldo, na kando yake doña Ofelia katika gauni lake la kanisani, akitazama mahali pasipo na mtu. Mbele walikaa watahini: Dokta Leonor Pucheta wa Córdoba, mwanamke mwembamba aliyekuwa tayari ameinamia karatasi zake, Dokta Iturbe, aliyekuja na mafua kutoka Mendoza, na katikati yao Zavalía, akiwa na tai yake nyekundu.

Mirna alifungua mkoba. Alitoa karatasi ya juu bila kuangalia ni ipi, akaanza kusoma. Ilikuwa ya mzee. "Katika mabonde haya," alisoma, "hakukuwa na maji yasiyo na mwenye shamba." Alisikia maneno yakitoka na kuanguka karibu na viatu vyake. Zavalía alikuwa akiitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayesikia wimbo wa ujana wake.

"Hatusikii huku," ilisema sauti kutoka nyuma. "Macho sina, na masikio nayo mmeninyang'anya?"

Wanafunzi waligeuka, wakacheka. Osvaldo alijifunika uso. Mirna alimtazama mama mkwe wake, ameketi wima, amekunja mikono juu ya mkoba wake, akingoja kwa haki kabisa asikie kile alichovalia gauni la kanisani kuja kukisikia. Na Mirna akaona aibu, si ya sauti yake ndogo, bali ya kile ambacho angekipaza.

Aliiweka karatasi mezani.

"Samahani," alisema. "Naanza tena. Hapo zamani kulikuwa na mwanamke Belén, jina lake Rosenda. Hakuwa na shamba hata la kutosha kuzikia paka. Alikuwa na saa tatu za maji."

Hakuitoa karatasi nyingine. Aliwaeleza jinsi kaka yake Rosenda alivyorithi kwa mama yao ardhi yote, mizabibu na mijozi, na jinsi zamu ya maji ilivyofika usiku wa Jumanne na maji hayakuwa yake. Aliwaeleza jinsi kaka alivyomwendea dada akiwa ameshika kofia mkononi. Jinsi mwaka wa kwanza alivyotaka kuyachukua kwa nguvu, dada akaenda mahakamani, na hakimu, ambaye hakuwa mwanamapinduzi bali mtu mvivu aliyefuata desturi, akamwambia kaka: shamba ni lako, saa ni zake, kapatane naye. Akawaeleza kwamba Rosenda hakuwa peke yake, na akawataja wengine, mmoja mmoja, na walichowaachia binti zao. Mahali fulani katikati ya majina hayo aligundua kwamba mikono yake ilikuwa na joto.

"Tumefundishwa katika kitivo hiki kwamba maji hufuata ardhi," alimaliza. "Katika bonde lile, kwa karne moja, ilikuwa kinyume. Ardhi ilimfuata dada, na ilibisha hodi."

Makofi hayakuwa mengi. Wanafunzi walikuwa wakimtazama Zavalía, ambaye alikuwa ameacha kuitikia kwa kichwa zamani sana.

Dokta Pucheta alinyanyua karatasi. "Dokta Sotelo, hapa nina makala. Imetiwa saini na Dokta Zavalía na wewe. Inasema maji hufuata ardhi, bila kusitasita. Leo unatuambia hayafuati. Tumsikilize Sotelo yupi?"

"Wa leo," alisema Mirna.

"Na yule wa zamani?"

"Yule alisaini. Jina ni langu, sitalikana. Lakini alikuwa bado hajafungua maboksi. Alipoyafungua alinyamaza, kwa sababu hakuwa na cheo cha kusema."

"Leo unacho?"

"Leo pia sina, Dokta. Ndiyo maana nimekuja."

Dokta Iturbe alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. Kisha Zavalía akasema, na ukumbi ukatulia, kwa sababu hakuzungumza kama mtahini.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia, Dokta."

"Lini?"

"Garini. Tulikuwa tunarudi kutoka mkutano wa Tinogasta. Nilikwambia nimewapata wajane wanaorithisha maji bila shamba. Ukasema ni vizuri, niwahifadhi, watanifaa nikizeeka."

Msichana mmoja wa safu ya kati aliangua kicheko, akaziba mdomo. Zavalía hakucheka wala hakukasirika. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Nilisema hivyo?"

"Ndiyo, Dokta."

"Inaelekea nilisema," alisema mzee, akaandika kitu.

*

Nje, Osvaldo alimkumbatia Mirna na hakumwachia haraka. "Ulikuwa mzuri sana," alisema. "Tutaanza kutafuta kazi Jumatatu. Shule ya mapadri inahitaji mwalimu wa uraia."

"Umekasirika?"

"Nimeogopa. Ni tofauti." Akamfuta vumbi begani. "Miaka kumi na tisa nimeishi na wewe na sikuwahi kukusikia ukifundisha. Sasa nimekusikia. Nitaogopa, lakini sitakuambia ungefanya vingine."

"Mimi nilisikia kila kitu," alisema doña Ofelia, "kuanzia pale niliposema."

Uamuzi ulibandikwa kwenye ubao wa matangazo kesho yake, jioni, kurasa kadhaa zilizobanwa kwa pini. Mirna hakuweza kuusogelea. Alikaa kwenye benchi la uani, ambako upepo ulikuwa umetulia na kuacha kila kitu na rangi ya unga, akamtuma Osvaldo. Alimwona akisoma, kidole kikishuka kwenye karatasi kama kinavyoshuka kwenye maandiko ya wanafunzi wake. Alimwona akirudi mwanzo na kusoma tena. Kisha akamwita kwa mkono.

Dokta Iturbe alikuwa amempa nafasi ya kwanza Arrieta, kwa vitabu vyake alivyovichapisha. Dokta Pucheta alikuwa amempa Mirna. Ilibaki kura ya tatu, na chini yake maelezo yaliyopigwa kwa taipu, kwa kuwa mzee hakuwahi kuzoea kompyuta.

Osvaldo aliyasoma kwa sauti, taratibu, kana kwamba anatafsiri.

"'Mada hii nimeifundisha maisha yangu yote. Sikubaliani na somo la Dokta Sotelo, si mwanzo wake wala mwisho wake. Naona ametegemea mno bonde moja, na amempenda mno huyo Rosenda. Nitamjibu kwa maandishi katika jarida la kitivo, na nitamtaja kwa jina. Somo la Dokta Arrieta nalikubali lote. Ni somo langu, na amelirudia vizuri sana. Lakini kiti hakitolewi kwa kurudia. Nafasi ya kwanza nampa Dokta Sotelo.'"

Wanafunzi wawili waliokuwa wakitafuta ratiba ya mitihani kwenye ubao ule ule walisogea kando kwa adabu. Mirna aliweka kiganja juu ya karatasi, pale palipoandikwa jina lake, kama mtu anayempima mtoto homa.

"Atanijibu," alisema.

"Umeshinda, Mirna."

"Nimesikia. Lakini, Osvaldo, atanijibu. Kwa jina."

*

Doña Ofelia alikuwa ameshapika locro, mchuzi mzito wa mahindi na nyama, kwa kupapasa, na chumvi ilikuwa imezidi. Hakuna aliyesema kitu juu ya chumvi. Osvaldo alimsomea mama yake maelezo ya mzee tangu mwanzo, kwa kuwa alikuwa ameyanakili kwenye bahasha.

"Sasa ameshinda au ametukanwa?" aliuliza mwanamke mzee.

"Vyote viwili, mama," alisema Osvaldo.

"Na macho yangu?"

"Agosti, kama tulivyopanga."

"Mungu apewe sifa. Nitauona huo uso wa huyo mzee." Alikula vijiko kadhaa akifikiri. "Lakini nami niseme ukweli, maana hapa ni nyumbani. Mimi niko upande wake. Ukinunua ng'ombe, unanunua na maziwa yake. Hakuna anayeuza ng'ombe akabaki na maziwa. Maji na shamba ni vivyo hivyo."

Osvaldo alimtupia mkewe jicho. Alimjua: angetabasamu, angesema "huenda, mama," angenyanyuka kukusanya sahani. Na kweli Mirna alikuwa ameshanyanyuka, sahani mbili mkononi.

Akaziweka chini.

"Hapana, mama," alisema. "Si vivyo hivyo hata kidogo. Maziwa yanatoka ndani ya ng'ombe. Maji yanatoka mlimani, yanapita kwa kila mtu, na hayamjui mwenye shamba. Ndiyo maana yaligawanywa kwa saa." Alivuta kiti, akakaa karibu na upande wa jicho ambalo bado liliona kidogo. "Nisikilize nikueleze."

"Eleza," alisema doña Ofelia, akisukuma bakuli pembeni ili apate mahali pa kuweka viwiko. "Lakini ujue nami nitajibu."

"Jibu, mama," alisema Mirna. "Jibu unavyotaka."